Alisema Zima

Mama Kasuku ndiye aliyekuwa masikio ya mumewe, na kazi hiyo aliifanya kwa ujanja kiasi kwamba majirani waliopanga nao uani waliona ni tabia yake tu. Mtu akibisha hodi, alimgusa mumewe kiwiko. Mtu akiuliza swali, yeye alilirudia kwa sauti ya juu kana kwamba limemshangaza: "Eti anauliza kama kesho mnafungua kiwanda!" Mumewe alitazama midomo yake, kisha akajibu. Watu walicheka, wakasema mama huyu ana domo, hamwachii mwanamume nafasi ya kupumua. Naye aliwaacha wacheke.

Mume alikuwa mpasuaji mbao. Kiwandani walimwita Fundi, basi, kwa sababu msumeno mkubwa ulikuwa wake na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa swichi yake. Msumeno huo ulimla masikio kidogo kidogo. La kushoto lilitangulia. La kulia lilibaki likisikia mambo kama yanasemwa chini ya blanketi, hadi nalo likachoka. Kiwandani haikuwa shida kujificha, maana penye mashine kila mtu ni kiziwi, watu huongea kwa mikono na vichwa. Shida ilikuwa saa za mapumziko. Hapo Fundi alijifanya mtu wa usingizi, anakula haraka, anajilaza juu ya maranda, anafunika uso kwa kofia.

Binti yao wa pekee, yule ambaye tangu utotoni alirudia kila alichosikia hadi akaitwa Kasuku, alijua kwamba masikio ya baba ni mazito. Alijua pia kwamba jambo hilo halitoki nje ya mlango. Kwa hiyo siku aliporudi nyumbani na habari zake za warsha, aliziongea polepole, akimwangalia mama usoni.

"Warsha ya nini?" mama aliuliza.

"Ya kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Kusikiliza tu, mama. Sauti. Halafu mwishoni tunapiga muziki."

Mama aliinua mikono kutoka kwenye beseni la nguo, povu likimtiririka hadi kwenye viwiko. "Mwanangu, shule umemaliza juzi kwa taabu, kazi hujapata, na sasa umeamua kwenda kufundishwa kusikia?"

"Ni bure. Wanatoa cheti. Na chai."

"Hapo kwenye chai ndipo nimekuelewa."

Fundi, aliyekuwa amekaa kizingitini akichomoa kibanzi kwenye kiganja, aliona midomo inacheza. "Anasema nini?"

"Anakwenda kujifunza kusikiliza!" mkewe alimwambia kwa nguvu.

Uso wa Fundi ulibadilika. Kwa kitambo alidhani wanamtania. Kisha alimwona binti yake alivyonywea, akacheka mwenyewe. "Mwambie akikuta masikio ya ziada huko aniletee jozi moja."

*

Warsha ilifanyika kwenye ukumbi wa zamani nyuma ya kiwanda cha mbao, ukumbi wenye madirisha makubwa na viti vichache. Washiriki walikuwa vijana wasio na kazi, mstaafu mmoja wa posta, na mama mmoja muuza mitumba aliyesema wazi kwamba amefuata kivuli. Mwalimu alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo sana, na watu wa mtaani walimwita Mwalimu wa Masikio kabla hata hajajitambulisha.

Siku ya kwanza aliwafumbisha macho. "Msitafute chochote," alisema. "Acheni sauti ije yenyewe. Ya mbali kwanza."

Mama wa mitumba alisinzia. Kijana mmoja alipasuka kucheka. Lakini Kasuku, baada ya kuhangaika na kuwasha kwa mguu, alianza kusikia. Kiwanda kilikuwa kinanguruma, hilo alilijua tangu azaliwe. Ila sasa ngurumo ilikuwa na tabaka. Chini kulikuwa na mtetemo mzito, juu yake mlio mwembamba uliopanda kila gogo lilipoingia, na katikati pakipigapiga kitu kilicholegea. Huo mlio mwembamba, alitambua, ulikuwa msumeno wa baba yake. Alifumbua macho akiwa na machozi, na hakujua kwa nini.

Siku zilizofuata walitembea mtaani kwa mstari bila kusema neno. Walikaa duara, kila mtu akivuma sauti yake moja hadi asiweze tena kutofautisha ipi ni yake. Walikwaruza beseni kwa brashi, wakachana karatasi mbichi, wakapitisha uzi uliotiwa nta kwenye ukingo wa ubao hadi ubao ukalia kama mtu mwenye homa. Mwalimu aliuita muziki wa majaribio. "Msijali kama ni mzuri," alisema. "Jalini kama mnausikia." Na kitu kimoja alikirudia kila siku: "Maneno tunayaacha mlangoni. Mtu akiongea, usifuate anachosema. Sikiliza sauti yake inakwenda wapi."

Nyumbani Kasuku alibadilika. Alikaa kimya. Alimsikia mama akivuta pumzi kabla ya kumpigia baba kelele, pumzi ndogo, kama ya mtu anayenyanyua ndoo. Alisikia jinsi baba alivyoburuta kiti bila kujua kwamba kinalia. Jioni moja alimwambia mama, "Baba anaongea kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwaka jana."

"Yanyamazie hayo," mama alisema.

Wiki ya mwisho mwalimu alitoa kinasa sauti kidogo, ukubwa wa sabuni ya kipande, ambacho washiriki walipokezana. "Kiweke nyumbani, ukiwashe, uondoke," alimwambia kila mmoja. "Usiichagulie nyumba cha kusema. Ukirudi, kwanza usikilize mwenyewe kila kitu. Kisha uniletee."

Zamu ya Kasuku iliangukia Jumamosi. Alikiweka juu ya rafu ya vyombo, nyuma ya sufuria kubwa. Mama alikuwa uani anafua, baba kazini. Aliwasha, akachukua ndoo, akaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu.

*

Siku hiyo umeme ulikatika kiwandani na Fundi akarudi mchana. Mkewe alimfuata ndani, akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Alikuwa na jambo, na jambo lolote kwa mumewe lilihitaji sauti ambayo uani wote ungeipata.

"Mke wa Shoto amekuja tena leo."

"Eh?"

"Mke wa Shoto! Kuomba unga!"

Shoto alikuwa msaidizi wa Fundi, yule aliyesukuma magogo kwenye msumeno. Kabla ya ajali hakuitwa hivyo. Gogo lilikwama, akaingiza mkono kulitoa, na msumeno ukaondoka na vidole vitatu vya kulia. Bosi alipokuja kuuliza, msaidizi alisema alipiga kelele "Zima!" kabla ya kuingiza mkono, akaona Fundi ameinama kwenye swichi, akajua msumeno unazimwa. Bosi akamgeukia Fundi: alisema? Na Fundi akajibu, "Hakusema kitu." Kwa neno hilo kiwanda kikaandika kwamba msaidizi ameumia kwa uzembe wake, akafukuzwa bila fidia. Mtaani wakaanza kumwita Shoto, maana sasa alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto, na vibaya.

"Umempa?" Fundi aliuliza.

"Nimempa! Nimempa huku sitaki kumtazama! Ameniambia asante mara ngapi sijui. Baba Kasuku, nenda kwa bosi. Mwambie hukusikia!"

"Punguza sauti."

"Nikipunguza utanisikia?"

Fundi alikaa kitandani. Mkewe alimsimamia mbele ili aone midomo yake.

"Alisema zima! Uliniambia mwenyewe. Uliinua kichwa ukakuta mdomo wake uko wazi na mkono umeshaingia. Ulijua anasema nini. Alisema zima, na wewe ukasema hakusema kitu!"

"Mimi sikusikia kitu."

"Basi ungesema hivyo! Sikusikia! Alisema zima, mimi ni kiziwi, sikusikia!"

"Halafu?" Fundi naye alipaza sauti, kwa kuwa hakujua kipimo cha sauti yake. "Kiziwi gani anaachwa kwenye msumeno? Siku hiyohiyo niko nje. Badala ya nyumba moja ya kuomba unga tutakuwa nyumba mbili. Hicho ndicho unachotaka?"

Mkewe alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo usiku mwingi na hakulipata. "Angalau tungeomba tukiwa tunatazama watu usoni," alisema, lakini alilisema chini, na mumewe hakulipata.

Kisha Fundi alianza kulia. Mtu asiyejisikia hulia vibaya. Hana pa kujizuia, hajui kilio kimetoka au kimebaki kifuani. Kilitoka chote, kizito, kikipanda na kukatika, na mkewe alimshika kichwa akakibana tumboni mwake ili kisivuke ukuta.

Kasuku aliporudi na maji alimkuta mama amerudi kwenye nguo, uso umekaza. Baba amelala. Akachukua kinasa sauti, akavaa visikilizio vyake vya masikioni, akaelekea ukumbini. Njiani alisikiliza mwanzo: ndoo yake mwenyewe ikiondoka, fagio la jirani, kijiko kikianguka mahali fulani, kuku. Alitabasamu. Ilikuwa nyumba yao kabisa. Lakini alikuwa amechelewa, na mwenzake aliyekuwa na zamu iliyofuata alikuwa anasubiri mlangoni, anapiga mguu chini.

"Umesikiliza yote?" mwalimu alimuuliza.

"Ndiyo," alisema Kasuku.

*

Onyesho la kufunga warsha liliwekwa alasiri ya Jumapili. Bosi wa kiwanda alikuwa ametoa mbao za mabenchi, kwa hiyo alialikwa kama mgeni rasmi, akakaa mbele na mkewe. Fundi aliposikia, yaani alipoambiwa, alisema na yeye atakaa mbele. Binti wa nani anapiga muziki? Alinyoa ndevu, akavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akamsalimia bosi kwa mikono miwili. Mkewe alikaa ubavuni mwake, tayari kwa kiwiko.

Shoto naye alikuja na mkewe, wakakaa nyuma. Kasuku ndiye aliyewaalika. Alikutana naye njiani akamwambia, "Baba mdogo, njoo unione." Tangu utotoni mwake Shoto alimbeba mabegani kila alipopita kiwandani na chakula cha baba. Hangeweza kumkatalia.

Vijana walianza. Brashi zilikwaruza mabeseni, karatasi mbichi zilichanika moja baada ya nyingine, ubao ukalia. Watu walitazamana. "Wameanza au bado wanaandaa vyombo?" mzee mmoja aliuliza, na ukumbi ukacheka. Lakini walivyoendelea, kicheko kilipungua. Kulikuwa na namna fulani ya uzito, wale vijana wakisubiriana, kila mmoja akitoa sauti ndogo na kuiacha iishe kabisa kabla mwingine hajagusa chake. Hata bosi aliacha kuchezea simu. Fundi alitazama mikono ya binti yake, akaitikia kwa kichwa kila uzi ulipopita kwenye ubao. Ubao aliuelewa.

Kisha mwalimu alisimama. Alisema kipande cha mwisho kinaitwa "Nyumba", kimetengenezwa kwa sauti za majumbani mwa washiriki wenyewe, na akaomba mapazia yafungwe. Spika mbili kubwa ziliwashwa.

Maji yalichuruzika. Fagio. Kijiko kikaanguka. Mtoto wa mtu akakohoa. Watu walitulia gizani wakitambua vitu vyao, mmoja akanong'ona "Hiyo si bawaba ya mlango wenu?" Halafu sauti ya mwanamke ikapanda, imenyooshwa, imerefushwa kama inatoka kisimani.

*Alisema zima.*

Mama Kasuku hakuitambua mara moja. Hakuna anayeijua sauti yake mwenyewe.

*Alisema zima. Uliniambia mwenyewe.* Mwalimu alikuwa ameikata na kuirudia, ameiweka juu ya maji, akaipeleka spika ya kulia na kuirudisha ya kushoto. *Mdomo wake uko wazi. Alisema zima. Zima. Zima. Na wewe ukasema hakusema kitu.* Kisha sauti ya mwanamume, kubwa, isiyo na kipimo: *Kiziwi gani anaachwa kwenye msumeno?* Nayo ikarudiwa. *Kiziwi gani. Kiziwi gani.*

Jukwaani, Kasuku alisimama na ubao mkononi. Alitaka kwenda kwenye mashine ya mwalimu akang'oe waya, lakini akabaki ameukumbatia ubao.

Mama Kasuku alihisi kila kichwa ukumbini kikigeukia mgongo wake. Hakugeuka. Mumewe alikuwa ameweka kiganja juu ya benchi, anasikiliza mtetemo wa spika kwa mkono, uso umemng'aa. Aliinamia sikio la mkewe na kuuliza, akidhani ananong'ona, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Hiki ndicho cha Kasuku?"

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Angefanya nini? Fundi alijiweka sawa kwenye benchi kama mtu anayepigwa picha.

Spika zikaingia kwenye kilio. Kilikuwa kirefu. Mwalimu hakukikata hata kidogo, alikiacha chote.

Mapazia yalipofunguliwa hakuna aliyepiga makofi. Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona vijana wamesimama jukwaani na watu wamekaa tu. Aibu ilimshika kwa ajili ya binti yake. Akasimama, akapiga makofi peke yake, mikono juu, kwa nguvu, ili na wengine wajue kwamba imekwisha.

Bosi aliinuka akatoka bila kumtazama. Shoto alikuja kutoka nyuma, watu wakimpisha. Alisimama mbele ya Fundi. Alisema maneno machache, meno yakiwa yamekutana kama mtu aliyeshikilia misumari mdomoni, na midomo ya namna hiyo Fundi hakuweza kuisoma.

"Fundi," alisema, "ulisema sikusema kitu."

Fundi alikisia kile ambacho mtu humwambia mzazi siku kama ile. Akaushika mkono wake wa kulia, ule uliobaki na vidole viwili, akauweka kati ya viganja vyake.

"Asante sana," alisema. "Asante. Ni binti yangu yule."

*

Nje ya ukumbi Kasuku alimkuta mwalimu anazungusha waya kwenye kiwiko.

"Mwalimu, hukusikia walichokuwa wanasema?"

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilisikia sauti yenye uchungu mkubwa. Sijawahi kuletewa sauti kama ile. Maneno sikuyafuata, unajua tunavyofanya kazi." Polepole uso wake ukaanza kuelewa. "Ni watu gani wale?"

"Baba na mama."

Waya ulimwanguka. Akasema, bila kumlaumu, na hilo ndilo lililouma zaidi: "Nilikuuliza kama umesikiliza yote."

*

Jioni ile na usiku ule Fundi alikuwa na furaha. Alimweleza mkewe jinsi ubao ulivyolia mikononi mwa Kasuku, akasema mti ule ulikaushwa vizuri, ndiyo sababu. Mama na binti hawakumwambia. Kila mmoja alimsubiri mwenzake.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Msumeno ulikuwa haujawashwa. Wafanyakazi walikuwa wamesimama uwanjani, bosi naye yupo, akamwonyesha kwa mkono asimame pale, awatazame wenzake. Fundi alisimama. Bosi akazunguka nyuma yake.

"Fundi!" aliita. Fundi hakugeuka. "Fundi! Nakuita!" Alipiga makofi karibu na kisogo chake. Kisha akamwita kiziwi. Akamwita mwongo. Akamwita mbwa. Vijana wawili walicheka kwa sababu bosi alikuwa anacheka, wengine wakatazama chini. Fundi aliona wale wawili wanacheka, akadhani kuna utani umepita, na yeye akatabasamu kidogo ili asiachwe nyuma.

Hapo bosi akaja mbele, akasema kwa midomo mipana, neno moja moja, kama anayeongea na mtoto: "Nenda. Nyumbani. Usirudi."

Asubuhi hiyohiyo Shoto alifika langoni na mkewe. Aliomba kesi yake ifunguliwe upya, maana sasa kila mtu amesikia. Bosi aliwapokea wakiwa wamesimama. "Ni kweli, tumesikia," alisema. "Kwa hiyo mwenye kosa umemjua. Kamdai yeye. Kiwanda hakijakukata vidole, amekukata Fundi." Akamwagiza mlinzi afunge lango.

*

"Wameniambia niende," Fundi alisema alipofika nyumbani. Alibaki amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi. "Sijui nimefanya nini. Kuna nini?"

Mkewe alikuwa amekaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu masikio ya mumewe yafe, hakufungua mdomo. Alimtazama binti yake.

"Mama, tafadhali," Kasuku alisema.

"Mimi nimeongea miaka yote. Leo ongea wewe."

Kasuku alisogea mbele ya baba yake. Alijaribu kusema kwa midomo tu, bila sauti, lakini baba hakuizoea midomo yake. "Eh? Sema." Kasuku akageuka kwenda kufunga mlango.

"Uache wazi," mama alisema. "Wameshasikia."

Basi Kasuku alimweleza baba yake kwa kupiga kelele, mlango ukiwa wazi. Kile chombo kidogo. Rafu ya vyombo. Dirisha walilolifunga. Yale maneno. Alilazimika kuyarudia, maana kila alipofika kwenye neno "zima" sauti ilimkatika na baba akasema "Eh?" Uani jirani mmoja alizima redio. Mwingine aliacha kutwanga, akabaki na mchi mikononi.

Fundi alipoelewa, alikaa.

"Watu wote?"

"Wote, baba."

"Na bosi?"

"Na bosi."

Alifikiri. "Na mimi nilipiga makofi," alisema.

Kisha aliuliza tena. "Shoto alinijia pale. Aliniambia nini?"

"Alisema, Fundi, ulisema sikusema kitu."

"Na mimi nikamjibu nini?"

Kasuku alitazama pembeni. Baba akamgusa kidevu, akamgeuza uso ili aone midomo.

"Ulisema asante."

Fundi aliinuka. Mkewe alimuuliza kwa mkono anakwenda wapi, akasema kwa Shoto. Kasuku akasema ngoja twende wote, utahitaji mtu wa kukuambia. Akakataa. Jambo hili, alisema, haliendi na mkalimani.

Walimngoja. Jua lilishuka hadi kwenye paa la choo cha uani. Majirani walipita mlangoni mara nyingi kuliko walivyokuwa na haja ya kupita, wakasalimia kwa upole uliozidi. Mama Kasuku aliinjika maji, akasahau alitaka kuyafanyia nini, akayaepua.

Fundi alirudi taratibu, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika. Hakuwa amepigwa. Shati lilikuwa zima. Mkewe alilitazama hilo kwanza.

"Umemkuta?" alimuuliza kwa nguvu.

"Nimemkuta. Anachanja kuni."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote. Nimesema alisema zima."

"Naye?"

"Ameongea." Fundi alivuta kiti, kikalia sakafuni, akakaa. "Ameongea sana. Sijawahi kumwona anaongea hivyo. Mabega yalikuwa yanatikisika."

"Amesema nini?"

"Sijui," alisema. "Alinipa mgongo. Aliongea akiwa ametazama ukuta."

"Ungezunguka mbele umwone uso!"

"Nilitaka." Alitazama viganja vyake, akavifikicha kwenye magoti. "Sikuweza. Nilisimama tu nikaitikia kwa kichwa mpaka aliponyamaza. Kisha akaendelea na kuni, nikaondoka."

Kasuku alikuwa ameshasimama mlangoni, ndala moja mguuni, nyingine anaitafuta. "Niende nikamuulize, baba? Nitakuja nikwambie, neno kwa neno."

Fundi alimtazama midomo hadi akamaliza.

"Hapana," alisema. "Niliambiwa mimi."